Kipimo Kilikuwa Mikono Yangu

Shangazi yangu,

Kamwene. Najua ungekuwa hapa usingeijibu salamu hii kabla ya kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Asubuhi nimechemsha viazi vya bustani yako, vile vilivyojiotea nyuma ya jiko bila mtu kuvipanda, nikavila na chumvi nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako. Kimoja hakikuiva vizuri katikati, nikakila hivyo hivyo.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu aibu yangu ilikuwa ya watu. Niliogopa macho yao, na kwa kuyaogopa nikakudanganya wewe. Tulikuzika hapa Kilolo mwezi wa sita, na kila aliyekuja kutoa pole aliniambia jinsi nilivyokuwa mtoto mwema kwako. Niliitikia, nikashukuru, mpaka nikachoka. Sasa nataka kusema nilivyokudanganya, halafu niseme na nilichokuja kukijua ukiwa umeshaondoka.

Nianze na miti. Nilikuwa darasa la pili. Mama alikuwa amefariki, na baba alikuwa ameshaniacha kwako akaenda Usangu kulima mpunga, na huko akapata mke, ng'ombe na maisha mengine. Watu walikuuliza utamleaje mtoto wa kaka yako peke yako, hukuolewa, huna hata baiskeli. Ukawajibu, "Mimi ndiye baba yake, ila navaa kitenge." Mvua za kwanza zilipokolea ukanitwisha beseni la miche ya misindano, tukaipanda kwenye kile kilima alichokuachia babu. Wewe ulichimba, mimi nikashika mche usimame wima, wewe ukafukia, mimi nikakanyaga udongo. Tulimaliza siku nne. Jumapili yake mikono yangu bado ilinuka utomvu, na kanisani mtoto wa mwinjilisti akasogea mbali nami akiniangalia kama nina upele.

Katikati ya shamba ulichomeka mche mmoja wa mlingoti, yaani mkaratusi, kuwa mpaka. Misindano ya upande wa juu ilikuwa yako. Ikikomaa ungeiuza mbao, ujenge nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati jipya na madirisha ya vioo, uachane na hii ya udongo ambayo mvua ikinyesha tunahamisha masufuria huku na huku kukinga matone. Ya upande wa chini ilikuwa yangu. "Hii ni ya kuanzia maisha," ulisema. "Usije ukaanzishiwa na mtu."

Nikakuuliza tutajuaje kwamba imekomaa. Wenye misumeno wana futi zao, lakini wewe ulinishika mkono ukanipeleka kwenye msindano mkubwa wa jirani, ukaniambia niukumbatie. Shavu langu likakwaruzwa na gome. Vidole vyangu havikukaribia hata kuonana upande wa pili.

"Umeona? Siku utakayoikumbatia ya kwetu na vidole visionane, siku hiyo tunaita msumeno."

Tangu hapo kila Desemba, shule zikifungwa, tulipanda kilimani kupima. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakumbatia majani. Nilipofika darasa la sita nikagundua kwamba nimedhulumiwa, nikakuambia kwa hasira kwamba kipimo hiki hakitafika kamwe, mti unanenepa na mikono nayo inarefuka. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema mikono huacha kurefuka, mti hauachi kunenepa, kwa hiyo nitulie. Nilikasirika siku nzima. Nilikuwa mtoto wa kukasirika, unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Jina langu lilipotoka chuo cha Mbeya hukupiga vigelegele. Uliuliza nauli ya Mbeya ni kiasi gani, halafu ukaenda kulisha nguruwe. Baadaye tukasikia hosteli zimejaa, itabidi nipange mtaani, ukasema kwa utulivu kwamba sitahamia nyumba ambayo hujaiona kwa macho yako. Hukuwahi kufika Mbeya. Hata Iringa mjini ulikuwa ukienda kwa sababu ya hospitali au mazishi tu.

Ndani ya basi ulikaa dirishani. Tulipopita Igawa na uwanda wa Usangu ukafunguka, ulitazama mashamba ya mpunga na makundi ya ng'ombe kwa muda mrefu, shingo umeigeuza, na mimi sikukuuliza ulikuwa unamtafuta nani. Chimala watu walipandisha mikono madirishani na mahindi ya kuchoma, ukakataa kununua, ukatoa yako ya kuchemsha, yamepoa, ukanigawia. Nilikula nikiangalia pembeni. Nadhani aibu ilianza pale, ilikuwa ndogo bado.

Chumba kilikuwa Ilomba, kwa Mama Tumpe, mama wa Kinyakyusa mwenye sauti nzito na mwendo wa haraka. Ulisimama mlangoni ukakipima kwa macho.

"Chumba ndicho hiki?"

"Ndicho, mama."

"Na kodi mnataka ya miezi sita mbele?"

"Mjini ndivyo ilivyo, mama. Miezi sita."

"Kwetu nguruwe ana nafasi kuliko hapa, na halipi."

Mama Tumpe alicheka mpaka akashika ukuta. Ulikagua choo, ukanusa ndoo ya maji, ukamuuliza anasali wapi na watoto wake wako wapi, utadhani yeye ndiye aliyekuja kupanga kwako. Uliporidhika na yote ulimpa simu yako ya tochi aingize namba yake. Kisha ukafungua fundo la kitenge ukatoa hela za nguruwe wawili, ukazihesabu taratibu, ukampa.

Ulilala usiku mmoja tu. Asubuhi, kabla hujapanda basi la kurudi, uliniambia bila kuniangalia, "Huku kila kitu ni hela. Ukipungukiwa uniambie mimi. Usimwambie mwanaume." Ukapanda.

Ulikuwa umeona kidogo tu, Shangazi. Mbeya nililipia maji kwa ndoo na mkaa kwa kopo. Umeme ukikatika tulichangishana wapangaji wote, na kila mara kulikuwa na mmoja ambaye hayupo. Mwalimu akimaliza kipindi anasema kitini kipo stationari, maana yake kakinunue. Nilinunua parachichi. Mimi, ambaye kwetu maparachichi huanguka yakaliwa na nguruwe, nilisimama sokoni Mwanjelwa nikachagua moja, nikalilipia, nikarudi nalo chumbani nimelishika kama yai. Nilikuambia kwenye simu. "Umenunua parachichi? Kwa hela?" Nilivyorudi likizo nikakuta habari hiyo imeshafika mpaka zahanati.

Ila sikulala njaa, kwa sababu kila mwisho wa mwezi ulinitumia kiroba. Unga chini, maharage katikati, viazi juu, na chumvi umeifunga kwenye karatasi ya daftari langu la zamani. Mdomo umeushona kwa uzi wa bluu, kwenda na kurudi, na mafundo mawili mwishoni. Kila kitu ulikiweka kwanza darini juu ya jiko ili wadudu wasikiingie, kwa hiyo kila kitu kilinuka moshi. Nilipofungua kiroba chumba kizima kilikuwa Kilolo kwa siku mbili. Mwezi wa kwanza nililia kwa furaha. Mwezi wa pili nilifungua dirisha.

Mwezi wa nne nilikuwa na mtihani, nikamwomba kijana wa bodaboda auchukue mzigo stendi aniletee chuoni, nikidhani atauacha getini. Aliubeba mpaka mlango wa darasa. "Mwenye mzigo wa Kilolo nani?" Akautupa chini, ukachanika ubavuni, na maharage yako yakamwagika ngazi zote, yakidunda moja moja mpaka chini. Darasa zima lilicheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wametoka kwenye mtihani mgumu na wanatafuta cha kucheka. Nilipiga magoti nikaokota, watu wakiniruka. Kuanzia siku ile nikaitwa Mama Kiroba.

Jackline, msichana wa Dar es Salaam aliyepanga chumba cha pili kutoka changu, alinisaidia kuokota mwishoni. Kisha akaniambia, "Shosti, lakini na wewe. Mwanjelwa pale maharage yamejaa. Kwani lazima yasafiri?"

Jioni ile nilikupigia. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi kiasi kwamba nayajua yote.

"Shangazi, usitume tena chakula. Chuo kimekataza wanafunzi kuingiza chakula cha nje."

"Kimekataza? Hata maharage?"

"Hata maharage."

"Sasa mtakula nini?"

"Tunanunua."

"Kila siku?"

"Kila siku, Shangazi. Huku ndivyo watu wanavyoishi."

Nilisikia kuku wako wakigombana. "Haya," ukasema. "Kama ni chuo kimesema."

Wiki chache baadaye ujumbe wa pesa ukaingia kwenye simu, nyingi kuliko ulizowahi kunitumia. Mwezi uliofuata tena, na uliofuata tena. Nilidhani umeuza nguruwe, lakini sikuuliza. Nakiri, nilijua kwamba nguruwe hawafiki hapo, na ndiyo maana sikuuliza. Nikala chipsi mayai kama wenzangu. Nikanunua raba nyeupe, katika mji wenye tope lile, nikawa nazifuta kwa mswaki kila jioni. Jina la Mama Kiroba likafifia. Nikanenepa. Kama kuna mtu aliyeishi vizuri Mbeya mwaka ule ni mimi, na ninaona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kitu kimoja tu kutoka maisha ya zamani kilibaki. Mara mbili kwa wiki Mama Tumpe alinigongea mlango na bakuli la maharage. "Binti, chukua, yamebaki." Nilishangaa mama mwenye hesabu kali vile, anayejua ndoo ya maji imetumiwa na nani, anawezaje kupika maharage yakabaki kila wiki. Nilikula bila kuuliza. Yalikuwa matamu sana. Siku moja nilimwambia yananikumbusha kwetu, nikamuuliza anayanunua wapi. "Sokoni," akasema, akachukua bakuli lake akaondoka haraka kana kwamba kaacha kitu jikoni.

Mwezi wa nane nilirudi nyumbani. Nilikiona kilima kabla sijaiona nyumba. Upande wa chini misindano yangu ilikuwa imesimama. Upande wa juu hapakuwa na kitu. Mlingoti wa mpaka ulikuwa peke yake, na nyuma yake visiki tu, na matawi makavu yaliyoachwa chini. Nilishuka kwenye pikipiki nikapanda juu na begi mgongoni, na raba zangu nyeupe.

Nilipiga magoti mbele ya kisiki cha kwanza nikakikumbatia. Vidole vilionana. Havikuonana tu, mikono ilipitana, ikaendelea, mpaka kila kiganja kikashika kiwiko cha mkono wa pili. Nikaenda kisiki cha pili, cha tatu, cha kumi. Vyote vilikuwa hivyo. Baadaye jirani aliniambia waliichukua kwa bei ya mirunda, ile miti ya kushikilia zege ambayo nyumba ikiisha inatupwa.

Ulinikuta pale nimepiga magoti. Ulikuwa umebeba kuni kichwani, hukuzishusha.

"Ilikuwa imeshafika," ukasema.

"Shangazi, nimeipima."

Uliniangalia, ukaangalia mikono yangu, ukatabasamu kidogo. "Mikono yako ndiyo imerefuka mno huko Mbeya. Twende. Umekula?"

Ningekuambia pale pale. Nilikuwa na maneno mdomoni. Lakini ningesemaje kwamba nyumba yako ya matofali nimeila chipsi? Tulishuka, ukaniingiza jikoni, na sufuria la kukingia matone lilikuwa pale pale chini ya tundu la bati, kavu, likisubiri mvua. Nikajiambia nitakiri siku nitakayokuletea bati jipya. Kukiri mikono mitupu kungekuwa kukuongezea mzigo, ndivyo nilivyojidanganya. Niliweza kujidanganya vizuri zaidi kuliko nilivyokudanganya wewe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, kifua kilikubana. Ulisema ni baridi tu, kila mwaka inakuja. Waliponipigia simu ulikuwa umeshalazwa Iringa. Nilikuja nikafikia kwa binamu, mtaa wa Mlandege, na kila asubuhi nilikuletea uji. Daktari alisema ni moshi wa miaka mingi na unyevu wa nyumba. Sisemi kwamba nyumba ile ndiyo iliyokuua, sina elimu hiyo. Lakini nililisikia neno unyevu, na sijawahi kulisahau.

Asubuhi moja nesi aliniomba nikuinue ili abadilishe shuka. Nikakukumbatia. Mikono yangu ikakuzunguka, ikakutana mgongoni kwako, ikapitana. Ilifika mbali, Shangazi. Nikasimama hivyo nimekushika, nikaona siwezi kusubiri bati wala kitu chochote.

"Shangazi, kuna jambo."

"Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, nisikilize."

"Huko Mbeya siku hizi unakula nini?"

Nikajibu ili nimalize hilo kwanza. "Nanunua. Na mama mwenye nyumba hunipa maharage. Matamu, karibu kama ya kwako."

"Karibu?"

"Karibu."

"Karibu!" ukarudia, ukaanza kucheka. Ulicheka begani kwangu, mwili mzima ukitikisika, mpaka kikohozi kikakushika na nesi akaniangalia vibaya. Nilidhani unafurahi tu kuniona. Ulipotulia ulikuwa umechoka, ukafumba macho, na mimi nikaogopa kukuchosha zaidi. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho yake hukuweza kuongea, na keshokutwa yake tukapiga simu kijijini wachimbe.

Nilirudi Mbeya baada ya wiki mbili. Mama Tumpe alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili, akaniingiza kwake, akanikalisha kitandani. Aliinama akavuta kitu kutoka uvunguni. Harufu ilinifikia kabla sijaona. Moshi. Kilikuwa kiroba kilichoshonwa kwa uzi wa bluu, kwenda na kurudi, mafundo mawili mwishoni. Juu yake kwa mwandiko wako wa herufi kubwa zilizolala kushoto: MAMA TUMPE ILOMBA.

"Hiki kilifika wiki aliyolazwa," akasema. "Sikuweza kukifungua, binti. Mikono ilikataa."

Niligusa ule uzi wa bluu.

"Ile siku ulimwambia chuo kimekataza chakula, alinipigia mimi. Akaniuliza, mama, ni kweli chuo kimekataza maharage? Nikamwambia mimi sijawahi kusikia. Akasema, nilijua. Chuo gani kinakataza maharage?"

"Alijua?"

"Siku ile ile. Nikataka nikuite nikuseme. Akanikataza. Akasema usimwambie kitu, anaona aibu, ni ujana, itapita. Mimi nitatuma kwako, wewe kula na wanao, ila na yeye umpe. Asilale njaa wakati inapita."

Miezi kumi na minne, Shangazi. Mimi ninayesomea ununuzi na ugavi sikujua kwamba mzigo ulikuwa unaingia nyumba ninayoishi. Niliyala maharage yako yote, nikayasifu, nikakuambia wewe mwenyewe kwamba ni karibu kama ya kwako. Nikakisikia upya kile kicheko chako cha hospitali, nikaelewa ulichokuwa unacheka.

Kisha nilimuuliza Mama Tumpe, "Na hela? Kama alijua nadanganya, alituma hela za nini? Alikata miti yake kwa nini?"

Akawa anakunjakunja ncha ya khanga yake. "Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema mtoto wa kike akikosa hela mjini, kuna watu watampa. Akasema, sitaki apewe."

Nilijua nilishayasikia maneno hayo, stendi, asubuhi ile kabla hujapanda basi. Nilidhani ni yale maonyo ya wazee, yanasemwa yanapita. Wewe uliyasema, ukarudi nyumbani, ukaita msumeno upande wako wa mpaka.

Nilijitwisha kile kiroba kichwani. Kutoka kwa Mama Tumpe mpaka chumbani kwangu ni uwanja mdogo tu, lakini ilikuwa mchana na wanafunzi walikuwa wanapita kwenda kantini, na mmoja akaniita lile jina. Nikamwitikia. Jackline alitoka chumbani kwake, akanitazama usoni, akashika upande mmoja bila kuuliza. Tulipika maharage jioni ile, sufuria kubwa la Mama Tumpe, wapangaji wote. Jackline alikula sahani mbili. Alipomaliza akaweka kijiko chini akasema, "Haya kweli yamesafiri." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, halafu nikashindwa kuacha kulia, na wao wakaniacha nilie.

Sasa ni Desemba na niko hapa kwako. Kodi ya Ilomba imepanda, kwa hiyo nimehamia chumba cha Jackline tugawane. Kinabana, ila tunacheka. Mchana nabandika matangazo na kutoa kopi kwenye stationari ile ile iliyokuwa inaniuzia vitini. Raba nyeupe nimeziacha Mbeya.

Juzi wenye msumeno walikuja. Wamesikia umeondoka, wakadhani nitakuwa na haraka. Wakasema nyumba hii ya udongo haitamaliza miaka miwili, na kwamba msichana wa chuo ana mahitaji mengi, bora niuze upande wa chini sasa nipumzike. Walisema kwa heshima tu, na bei waliyotaja haikuwa mbaya. Niliwaambia wasubiri, nikapanda kilimani peke yangu.

Nilianza na ule wa mwisho karibu na mto, nikaukumbatia, shavu kwenye gome. Vidole vinaonana bado. Lakini viganja havifiki tena kwenye viwiko, Shangazi. Vinaishia chini kidogo ya vifundo vya mikono. Nilipima kumi na mbili, nikashuka, nikawaambia bado. Mmoja akauliza bado mpaka lini, nikamwonyesha mikono yangu. Alidhani nina wazimu, akawasha pikipiki.

Ikifika, mbao za kwanza ni za nyumba yako. Matofali ya kuchoma, bati jipya, madirisha ya vioo, hapa hapa ilipo hii. Najua hutailalia. Nitaijenga kwa sababu uliipanga, na mimi nikaila. Zitakazobaki ndizo za kuanzia maisha, ingawa nimekaa kwenye kigoda hiki tangu asubuhi nikifikiri, naona yameshaanza. Uliniambia nisije nikaanzishiwa na mtu. Nimeanzishiwa, Shangazi, na aliyenianzishia ni wewe.

Nisamehe uongo wangu. Najua umeshasamehe, ulinisamehe siku ile ile kwenye simu, kuku wakigombana. Lakini mimi sikuwahi kuomba, na nataka niwe nimeomba.

Jumatatu narudi Mbeya. Nimejaza kiroba, unga chini, maharage katikati, viazi juu. Nimekishona kwa uzi wako wa bluu, fundo langu limekaa vibaya lakini limeshika. Kilikaa darini wiki nzima, kitanuka basi zima mpaka Uyole, na atakayeuliza ni cha nani nitamwambia ni changu.

Pumzika, Shangazi. Usiniulize tena, nimekula.

Binti wa kaka yako,
mwenye mikono mirefu.